Kukagua ngoma kuukuu za batri: mwongozo kwa mnunuzi wa Lubumbashi

Batri kuukuu, yaani seti za ngoma za bendi, hapa mjini hutoka kwenye stoo za makanisa, kwenye orkestra zilizosambaratika Kamalondo, na kwenye kontena za vitu vya Ulaya. Anayeuza mara nyingi hajui ana nini. Anayenunua naye hukutana na maneno ya wakusanyaji akadhani ni mapambo, kumbe kila neno linapandisha au kushusha bei. Tafuta sumaku, tochi ya simu, mita ya fundi nguo na ufunguo wa batri, kisha fuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Beji

Ni kile kibati chenye jina la kiwanda, kilichoshikwa na pete ya tundu la hewa ubavuni mwa ngoma. Gretsch na Ludwig ni viwanda vya ngoma vya Marekani. Gretsch yenye beji ya duara ni ya kabla ya mwanzo wa miaka ya 1970. Baadaye ikaja ya pembe nane. Ludwig walianza kugonga namba kwenye beji karibu na mwisho wa 1963, lakini beji hazikufungwa kwa kufuata namba. Kwa hiyo namba inakupa kipindi tu. Muuzaji akiapa mwaka kamili kwa kutazama namba peke yake, mwache aape.

Hatua ya 2: Sumaku

Bandika sumaku kwenye mzinga, yaani mwili, wa keskleri, ile ngoma yenye nyaya chini. Ikinata, huo ni chuma kilichopakwa kromu. Isiponata, usishangilie bado, maana kuna alumini na kuna shaba njano. Inyanyue: ya shaba utaisikia mkononi. Halafu mulika ukingo wa tundu la hewa, mahali kromu hupenda kuchubuka. Shaba njano huonyesha umanjano na kutu ya kijani. Alumini hutoa unga mweupe.

Kwenye Ludwig Supraphonic, aina ya keskleri ambayo nyingi ni alumini yenye kromu, utakuta vidoti vilivyovimba kama ukurutu. Kromu haishiki vizuri juu ya alumini, na vidoti hivyo havina dawa. Ukisugua kwa pamba ya chuma utang'oa hata kromu nzima. Sauti haiharibiki, bei ndiyo inashuka, na hapo ndipo mpigaji anapopata nafuu. Acrolite ya kiwanda hichohicho ina mzinga wa alumini usio na kromu, kwa hiyo haiugui ugonjwa huo.

Mzinga wa shaba njano ukiuona kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, anaupima kwa kilo. Ongeza kidogo juu ya bei ya kilo, uondoke nao upesi.

Hatua ya 3: Mashimo

Shimo la ziada ni lolote ambalo kiwanda hakikulitoboa. Linaumiza bei kuliko mkwaruzo. Kila shimo liwe na kazi yake: skrubu, beji, kishikizo. Lisilo na kazi, uliza. Usilizibe kwa gundi na vumbi la mbao ili kumficha mnunuzi. Tochi ikimulika kwa ndani litaonekana tu.

Hatua ya 4: Toa ngozi

Hapa usiwe na haraka. Ndani ya ngoma nyingi za Ludwig za mwanzo wa miaka ya 1960 kuna rangi nyeupe, na ndani ya Gretsch kuna rangi ya fedha. Ni za kiwandani. Mafundi wetu hupenda kuzipiga msasa ili mbao ionekane, na mteja hulipia kuharibiwa mali yake.

Pete za mbao zilizogundishwa ndani, juu na chini, ni za kuimarisha mzinga mwembamba. Zigonge kwa kucha pande zote. Ukisikia mlio mkavu wa kutetema, gundi imeachia, na kiangazi chetu kikavu huongeza tatizo hilo.

Sasa ukingo unaokalia ngozi. Lalisha mzinga juu ya kioo kinene, weka tochi ndani, zima taa ya chumba. Mwanga ukipenya mahali, ngoma haitakaa kwenye sauti hapo. Ila ukingo wa mviringo usiuchonge ukawa mkali! Ngozi za plastiki zilienea kuanzia 1957. Kabla yake ilikuwa ngozi ya ndama, na ngoma nyingi za enzi hiyo zilitengenezwa na ukingo mnene makusudi.

Pima kipenyo pande nne. Ngozi mpya ikilazimishwa kuingia, ama mzinga umepinda, ama ni Premier ya zamani ya Uingereza, ambayo mizinga yake ilikuwa mipana kidogo na inahitaji ngozi za kipimo chake.

Hatua ya 5: Skrubu

Ngoma nyingi za Marekani zina skrubu za uzi wa kipimo cha 12-24. Skrubu ikigoma baada ya mzunguko mmoja, simama, usitie nguvu.

Hatua ya 6: Bei

"Yatima" ni ngoma iliyopotezana na seti yake. "Ya mpigaji" ni nzima kwa sauti lakini ina mashimo au rangi iliyobadilishwa. Hizo mbili ndizo zinazofaa mfuko wetu. Ukiunganisha mayatima, omba picha zilizopigwa nje mchana, ngoma zikiwa pamoja, kwa sababu ganda la plastiki linalofunika mzinga, hata la rangi moja, hufifia tofauti kulingana na jua lililolipata.