Kanga, gazeti na akriliki juu ya hadibodi: hatua kwa hatua

Karibu kila kitu cha kutengenezea picha hii ya kubandika na kupaka rangi kinapatikana duka la vifaa vya ujenzi, na mengine kwa fundi cherehani. Tafuta hadibodi ya sentimita 60 kwa 60, msasa, gundi nyeupe ya mbao, rangi nyeupe ya maji ya ukutani, akriliki (rangi za kuchorea zinazochanganywa na maji) za rangi tatu au nne, vipande vya kanga na magazeti ya zamani. Ukitaka kubana matumizi, bana kwenye akriliki. Kwenye gundi usibane, maana ikiachia hakuna picha tena.

1. Andaa ubao. Sugua upande laini kwa msasa namba 120, futa vumbi, kisha paka gundi iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu. Paka na nyuma pia. Wengi huruka hili, kumbe ubao uliolowa upande mmoja hujipinda, na ukiishi Pwani masika yatamalizia kazi. Ukikauka, piga rangi nyeupe mikono miwili mbele.

2. Fua kanga. Kanga mpya ina wanga unaozuia gundi kushika, na nyekundu hupenda kuchuja. Fua hadi maji yatoke safi, anika, piga pasi.

Sasa fikiria kabla ya kushika mkasi. Pindo linakupa mpaka uliokwisha kuchorwa, na mji, ile sehemu ya katikati, unakupa maumbo makubwa. Jina, yaani yale maneno ya kanga, ndilo lenye mtego: mtazamaji wa kwetu atalisoma kabla hajatazama kitu kingine. Bandika "Mdhaniaye ndiye siye" chini ya sura ya mwanamke, na hapo hapo umeanzisha umbea ambao huenda hukuukusudia. Kama hutaki jina liseme, likate herufi zitawanyike. Mimi hupenda kuacha neno moja tu, lililobaki nalifunika kwa rangi.

3. Panga bila gundi. Piga picha kwa simu uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Ukiona kijivu kitupu, ongeza giza au mwanga mahali fulani.

4. Bandika. Karatasi kwanza, kitambaa baadaye. Paka gundi ubaoni, laza kipande, kisukume kwa kadi ya benki iliyokwisha muda kutoka katikati kwenda kingoni ili hewa itoke, halafu paka gundi tena juu yake. Karatasi ya gazeti hugeuka manjano kwa mwanga. Kama hupendi hilo, toa kopi kwenye karatasi nzuri.

5. Hamisha picha (si lazima). Tumia nakala ya printa ya leza au mashine ya fotokopi. Ya wino wa maji itavuruga kila kitu. Igeuze kushoto-kulia kabla ya kuprinti, la sivyo maandishi yatasomeka kinyume. Paka akriliki nyeupe ubaoni, laza uso wa picha chini ikiwa bado mbichi, bonyeza, acha hadi kesho. Lowesha mgongo wa karatasi kwa sifongo, usugue taratibu kwa vidole hadi nyuzi zitoke na wino ubaki.

6. Paka rangi. Anza na akriliki nyepesi ili kanga ionekane kwa chini, nzito ifuate. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya mafuta inayong'aa juu ya hadibodi, na mng'ao ule bado unavutia. Ukiutaka, uweke mwisho kabisa: rangi ya mafuta hushika juu ya akriliki iliyokauka, lakini akriliki juu ya mafuta hubanduka.

7. Vanishi. Subiri siku kadhaa, kisha paka mikono miwili ya vanishi ya maji, ukiruka palipo na rangi ya mafuta. Ile ya mafuta ya milangoni huleta umanjano. Nyuma ya ubao andika jina lako, mwaka, na kila ulichotumia, gundi ikiwemo, ili atakayekuja kuikarabati picha ajue anashika nini.