Tetesi au habari? Jinsi ya kuchuja taarifa za vyuo vya Marekani kuhama konferensi

Konferensi ni kundi la vyuo vikuu ambavyo timu zao za michezo hucheza ligi moja, na vyuo hivyo huuza haki zake za televisheni kwa pamoja. Chuo kimoja kikihama, mapato ya wote yanatikisika, ndiyo maana tetesi haziishi. Tunasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Huku, kati ya "lipo" na "laja" kuna barua, kura na mikataba, na msomaji anatakiwa kujua habari imefikia wapi.

Hatua ya 1: Tafuta kitenzi na mtenda. "Kimewasiliana", "kimeomba", "kimepigiwa kura" na "kimekubali" ni mambo manne tofauti. "Kinahusishwa na" au "kipo mbioni" hayasemi nani kafanya nini. Sentensi isiyo na mtenda iweke kwenye tetesi hata kama kichwa cha habari kina herufi kubwa.

Hatua ya 2: Usitupe habari kwa sababu chanzo hakikutajwa jina. Tarehe 21 Julai 2021, gazeti la Houston Chronicle liliandika kwamba vyuo vya Texas na Oklahoma vimewasiliana na konferensi ya SEC. Chanzo hakikutajwa jina, ila gazeti lilieleza ni mtu wa ngazi gani, na lilidai mawasiliano tu. Vyuo havikukanusha; Texas ilisema haizungumzii uvumi. Siku 8 baadaye SEC ilipiga kura 14 kwa 0 kuvialika. Kwa hiyo angalia vitu vitatu: chanzo kina nafasi ya kulijua jambo, mwandishi amewatafuta wahusika, na dai linaweza kuthibitika kuwa la uongo.

Hatua ya 3: Rudi kwa aliyeandika kwanza. Makala kumi zenye "kwa mujibu wa" mtu yuleyule ni chanzo kimoja. Habari ya vyuo vya USC na UCLA kwenda konferensi ya Big Ten, 30 Juni 2022, ilianza kwa mwandishi Jon Wilner. Uzito uliongezeka pale waandishi wengine walipoithibitisha kwa vyanzo vyao wenyewe.

Hatua ya 4: Tafuta karatasi, kisha uisome yote. Bodi za vyuo vya umma hulazimika kutangaza vikao. Kikao maalumu cha bodi ya Chuo Kikuu cha Colorado kilitangazwa kwanza, ndipo kura ya kwenda konferensi ya Big 12 ikapigwa 27 Julai 2023. Vyuo binafsi kama USC, Stanford na SMU havibanwi hivyo, kwa hiyo ukimya wao haukuambii kitu.

Hapa ndipo wengi huteleza, hata wazoefu. Juni 2023 barua ya chuo cha San Diego State kwa konferensi yake, Mountain West, ilivuja: chuo "kinakusudia" kujiondoa. Barua ilikuwa ya kweli. Lakini barua hiyohiyo iliomba muda wa mwezi mmoja zaidi, kwa sababu baada ya 30 Juni ada ya kuondoka, takriban dola milioni 17, ingekuwa mara mbili. Anayeomba muda bado hana mwaliko mkononi. Mountain West ilisisitiza kwamba barua hiyo ni ya kujiondoa rasmi. Mwisho wa mwezi chuo kikabaki palepale. Kilikubali kwenda konferensi ya Pac-12 Septemba 2024, kuanzia 2026.

Hatua ya 5: Uliza nani analipa. Vyuo vya konferensi ya ACC vimekabidhi haki zao za matangazo kwa konferensi hadi 2036. Florida State, kimoja cha vyuo hivyo, ilipofungua kesi dhidi yake Desemba 2023, wengi waliandika kana kwamba imeshaondoka. Machi 2025 pande zilipatana na chuo kikabaki. Taarifa inayotaja chuo kinakokwenda bila kugusa ada wala haki za matangazo ni makisio.

Hatua ya 6: Hesabu kura. Agosti 2023, Stanford, Cal na SMU walihitaji kura 12 kati ya 15 kuingia ACC, na vyuo 4 vilikuwa vinapinga. Aliyeandika "wameshaingia" wakati huo alikosea, na aliyeandika "imekufa" alikosea pia; sahihi ilikuwa "imepungukiwa kura moja". NC State, kimoja cha vinne vilivyopinga, ikabadili msimamo, na 1 Septemba vyuo hivyo vitatu vikapokelewa.

Ukishajua taarifa imefikia kitenzi gani kati ya vile vinne vya mwanzo, iandikie tarehe pembeni. Kitenzi kisipobadilika hadi siku ya mwisho kabla ada ya kuondoka kupanda, ishushe daraja.