Jinsi ya kuwaonyesha wanafunzi kwa nini maji ni kimiminika katika joto la kawaida

Kabla ya kugusa kifaa chochote, andika ubaoni uzito wa molekuli nne: methani 16, maji 18, naitrojeni 28 na oksijeni 32. Kisha uliza: ikiwa molekuli ya maji ni nyepesi kuliko molekuli za hewa tunayovuta, mbona maji yametulia ndooni ilhali hewa imetapakaa darasa zima? Usiwape jibu upesi.

Andaa sarafu mbili kavu za shilingi 200, maji safi, spiriti ya kusafishia vidonda na bomba la sindano lililotolewa sindano yake. Dondosha maji juu ya sarafu ya kwanza tone moja moja, huku wanafunzi wakihesabu, nao watayaona yakivimba kama kilima kabla ya kumwagika. Rudia kwa spiriti, mbali na jiko la mkaa kwa kuwa hushika moto haraka. Hii hutambaa na kumwagika baada ya matone machache kuliko ya maji, na doa lake hukauka mapema.

Hapo ndipo ueleze. Oksijeni huvuta elektroni kwa nguvu kuliko haidrojeni, hivyo upande wake huwa na chaji hasi kidogo na upande wa haidrojeni chaji chanya kidogo, na kwa kuwa molekuli imepinda, chaji hizo hazifutani. Haidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya jirani yake, na mvuto huo, uitwao bondi ya haidrojeni, hukatika na kuungwa upya mara nyingi mno ndani ya sekunde moja. Ndiyo maana maji hushikamana yasitawanyike kama gesi, lakini bado hutiririka. Methani haina bondi hiyo, nayo huchemka kwenye nyuzi 161 chini ya sifuri. Ethanoli iliyo katika spiriti inazo, ila chache zaidi, kwa hiyo huchemka kwenye nyuzi 78 ingawa molekuli yake ina uzito wa 46.

Malizia kwa kuchemsha maji yenye kipimajoto cha maabara (kile cha kupimia homa kitapasuka). Hapa Tabora, takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kitasimama karibu na nyuzi 96, na mimi humpa alama aliyeandika alichokisoma, si aliyekariri 100. Kifaa si kibovu: hewa ya huku huyakandamiza maji kwa nguvu ndogo kuliko ya pwani, hivyo molekuli hutoroka mapema. Mwenzetu wa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, atasoma kama nyuzi 97.