Usonji: kuifanya tiba iendelee nyumbani, mwongozo kwa familia za Dar es Salaam

Mtoto mwenye usonji (autism kwa Kiingereza, hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na tabia) akibahatika kupata mtaalamu hapa Dar, mara nyingi anamwona kwa saa moja kwa wiki, wengine mara moja kwa mwezi. Muda wote uliobaki yuko na mama, baba, bibi, dada wa kazi na watoto wa jirani. Ndiyo maana tiba yenye matunda ni ile ambayo mtaalamu anaifundisha familia, kisha familia inaifanya kila siku wakati wa chai, wa kuoga na wa kutumwa dukani.

Kabla ya kupata mtaalamu

Mtoto wa miezi 9 asiyegeuka akiitwa jina lake, wa miezi 12 asiyepunga mkono wala kutumia ishara yoyote, wa miezi 16 asiye na neno hata moja, wa miaka 2 asiyeunganisha maneno mawili ya kwake mwenyewe (kukariri katuni hakuhesabiwi), na mtoto wa umri wowote aliyekuwa anasema akaacha: wote hao wapelekwe wakaonwe. "Watoto wa kiume huchelewa" na "hata baba yake alichelewa" ni maneno yanayowapotezea watoto miaka ile ambayo wangejifunza kwa wepesi zaidi.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu, uende na kadi ya kliniki, uombe rufaa. Njia ya kawaida inapita hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Amana, Mwananyamala au Temeke, kisha Muhimbili. Hospitali ya CCBRT ya Msasani nayo ina huduma za utengamao kwa watoto, yaani mazoezi ya kumjengea mtoto uwezo. Kama unatumia bima, uliza mapema dirishani ni huduma zipi zinalipiwa na kwa mahudhurio mangapi. Kumwona daktari kunaweza kulipiwa huku mazoezi ya kila wiki yakitoka mfukoni mwako.

Kipimo cha kwanza ni cha masikio, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri naye hageuki akiitwa. Usonji wenyewe hauonekani kwenye damu wala kwenye picha ya ubongo. Daktari anautambua kwa kumtazama mtoto na kukuuliza historia yake. Akikuandikia kipimo cha umeme wa ubongo, kwa kawaida anatafuta degedege au kifafa, na una haki ya kumuuliza sababu.

Mtoto akifika chumba kigeni anaweza kulala, kulia au kutulia kuliko kawaida yake, daktari asione unachokiona nyumbani. Kwa hiyo mrekodi kwa simu, vipande vitatu vya dakika mbili mbili: akiitwa jina huku akicheza, akila na wenzake, na akikasirika. Andika pia alizaliwaje, kama alichelewa kulia, kama alipata manjano kali au degedege, na maneno aliyokuwa nayo kabla hayajapotea.

Hakuna dawa inayoondoa usonji. Zipo dawa ambazo daktari anaweza kumwandikia mtoto mwenye hasira kali ya kujiumiza, usingizi mbovu au kifafa, nazo zinafaa kwa shida hizo tu. Anayekuuzia mafuta, vidonge vya "kusafisha sumu" au maji ya kemikali kwa ahadi kwamba mtoto atapona, mkimbie, kwani baadhi ya vitu hivyo ni kemikali za kung'arishia nguo na vinaunguza utumbo. Familia inayoomba iendelee kuomba, lakini mtoto asifungishwe, asifungwe kamba, asichanjwe chale za kienyeji, na dawa za kifafa zisikatizwe hata siku moja.

Ukimpata mtaalamu, awe wa tiba kazi (anayefundisha shughuli za kila siku kama kula na kuvaa), wa matamshi na lugha au wa saikolojia, muulize mambo matatu: mwezi huu tunafundisha nini hasa, mimi nitafanya nini nyumbani, na tutajuaje kwamba kimeingia? Anayekuacha nje ya mlango kila mara bila kukuonyesha anachofanya anakunyima nusu ya tiba uliyolipia.

Kumfundisha kuomba kwa picha

Mtoto asiyeweza kuomba atapiga kelele, atavuta nguo, atapiga. Ukimpa namna ya kuomba, sehemu kubwa ya vurugu hupungua. Kwa hiyo tunashauri mawasiliano yaanze kabla ya rangi, namba na herufi ambazo wazazi wengi huzikimbilia. Picha hazimzuii mtoto kuongea, na wapo ambao maneno hutoka baada ya kuzizoea.

Chagua vitu vitatu anavyovipenda kweli, ambavyo unaweza kuvitoa kidogo kidogo: biskuti, juisi, mapovu ya sabuni ya kupuliza. Piga picha ya kitu chenyewe kwa simu, pakiti ileile anayoijua, juu ya kitambaa kisicho na maua. Steshenari wakuchapie picha za upande wa sentimita 5 na kuzitia plastiki. Nyuma bandika velkro ile ya viatu, inayopatikana kwenye maduka ya vifaa vya mafundi cherehani Kariakoo. Upande laini ukae kwenye picha zote na upande mkwaruzo kwenye jalada la daftari gumu, ama sivyo picha zitashikana zenyewe kwa zenyewe.

Zoezi la kwanza linahitaji watu wazima wawili. Mama anakaa mbele ya mtoto akiwa na biskuti iliyovunjwa vipande vinane. Dada anakaa nyuma, kimya kabisa. Picha moja tu iko katikati. Mama anaonyesha kipande, hasemi lolote. Mtoto akinyoosha mkono kukifuata, hapo ndipo dada anaushika mkono ule, anauongoza uchukue picha na kuiweka kwenye kiganja cha mama. Picha ikigusa kiganja, mama anampa kipande papo hapo na kusema, "Biskuti!" Basi. Rudieni mara kumi hivi, mara mbili kwa siku, akiwa na njaa kidogo.

Dada apunguze msaada kuanzia mwisho wa tendo: kwanza aache kusaidia kuachia picha kiganjani, kisha kuipeleka, mwisho kuiokota. Mtoto akifanya yote bila kuguswa, mama asogee hatua moja, halafu mbili, kisha chumba cha pili, ili mtoto ajue kumfuata mtu. Baada ya hapo weka picha mbili kwenye daftari, moja ya biskuti na nyingine ya kitu asichokitaka, tuseme soksi. Akileta soksi, mpe soksi. Atashangaa, naye ataanza kutazama picha kabla ya kuichukua. Kadi ya "Nataka" inakuja baadaye sana.

Zoezi hili hukwama kwa sababu zinazojulikana. Mama anauliza "Unataka nini?" kila mara, mtoto anazoea kungoja swali na asiulizwapo haombi. Dada anashika mkono kabla mtoto hajaunyoosha, na mtoto anajifunza kukaa tu. Zoezi linafanywa ameshiba. Bibi, kwa huruma, anampa biskuti hiyohiyo bure mchana kutwa. Daftari linafungiwa kabatini "lisichafuke", wakati lilipaswa kuning'inia mahali anapofikia, maana ndiyo sauti yake. Kaeni na bibi mumweleze kwa heshima, mumpe na yeye zamu ya kupokea picha. Akiona mjukuu anamjia mwenyewe kumwomba, hatahitaji kushawishiwa tena.

Akipandisha hasira

Hasira au kujipiga kukianza ghafla, tafuta maumivu kwanza: jino, sikio, choo kigumu, minyoo. Mtoto asiyeongea hujigonga kichwa kwa sikio linalouma, na familia ikaona ni usonji umezidi.

Kama mwili ni mzima, chukua daftari na kwa wiki moja andika mambo matatu kila inapotokea: nini kilitangulia, alifanya nini, nini kilifuata. Mwishoni utaona alikuwa anapata kitu, anakwepa kitu, anaita mtu, au mwili unalemewa na kelele, joto na msongamano. Mtoto anayepiga kelele akavuliwa sare haraka anakwepa sare, basi fundisha ishara ya "bado" au tafuta shati laini. Ukiacha kutoa simu kila anapolia, siku za mwanzo atalia zaidi. Ukimpa siku ya tatu umemfundisha kwamba kulia kwa muda mrefu kunalipa.

Daladala la saa 12 jioni halimfai. Panda saa 4 asubuhi kituo linapoanzia safari, mkae dirishani, mpite vituo viwili tu na kushuka, wiki inayofuata vitatu. Vizuia kelele vya masikioni wanavyovaa mafundi vinauzwa maduka ya vifaa vya ujenzi, navyo vinamsaidia hata mtaa ukiwa na ngoma ya kigodoro usiku kucha.

Asipotee

Watoto wengi wenye usonji hutoka nyumbani bila kuaga, na maji huwavuta. Dar ina mitaro wazi, mito kama Msimbazi, visima na bahari. Weka komeo juu kabisa ya mlango, mshonee namba yako ya simu ndani ya nguo kama havumilii bangili, na uwe na picha yake ya karibuni kwenye simu. Mtambulishe kwa mjumbe, mwenye duka na vijana wa kijiwe cha bodaboda, uwaambie hajibu akiitwa na wamshike mkono polepole bila kumfokea. Akipotea, watu wa kwanza wakimbilie kwenye maji yaliyo karibu, wengine ndipo wazunguke mtaa.

Shule

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma kama wenzake. Nenda kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri yako ukiwa na barua ya daktari, uulize vitengo vya elimu maalumu vilivyo karibu. Msimbazi Mseto, Ilala, ni mojawapo ya shule za msingi za serikali zenye kitengo cha usonji. Kabla ya kumwandikisha, kaa darasani asubuhi moja uangalie: watoto ni wangapi kwa mwalimu mmoja, nani anawapeleka chooni, geti linafungwa, na asiyeongea anaombaje maji. Swali la maji ndilo zito. Kama jibu ni "hapa tunawazoea tu", mpelekee mwalimu daftari la picha, keti naye nusu saa na biskuti, umwonyeshe linavyotumika, na daftari liende na kurudi na mtoto kila siku.