Jinsi ya kusoma ilani ya CCM bila kusinzia

Wadau, ilani (kile kitabu cha ahadi za uchaguzi cha CCM, chama tawala Tanzania) usiisome kuanzia ukurasa wa kwanza kama gazeti, huko mbele mara nyingi ni kujisifia tu. Ruka mpaka kinachokugusa, maji, kilimo, afya, afu angalia maneno. Ikisema "itaendelea kuimarisha" hapo hujapewa kitu cha kushika, ila ikitaja idadi, jina la barabara au wilaya, piga mstari, hiyo ndo ahadi.

Sasa kazi ndo inaanza, maana ilani yenyewe haina hela, hela iko kwenye bajeti inayosomwa bungeni Juni na kuanza kutumika 1 Julai, kwa hiyo ile barabara yako itafute humo, usipoiona ujue mwaka huo labda tusubiri jamani. Na ilani usiichanganye na Dira 2050 (mwelekeo wa maendeleo ya Tanzania mpaka 2050) iliyozinduliwa Julai 2025, ile ni ya taifa zima, ilani ni ya chama na ni miaka 5 tu.

Ukishaandika ahadi ulizopigia mstari kwenye karatasi, nenda nayo mkutano wa kijiji au mtaa, muulize diwani mbele ya watu (kwa heshima lakini): zimetengwa shilingi ngapi, na mpaka leo zimefika ngapi?