Kupima hisia chanya na hisia hasi kwa hojaji: kuanzia swali la utafiti hadi alama

Anayepima hisia anahitaji alama mbili kwa kila mshiriki: moja ya hisia chanya, nyingine ya hisia hasi. Anayesubiri kuingia kwenye mashindano anaweza kujaa hamasa na wasiwasi kwa wakati mmoja, na aliyechoka akawa hana hili wala lile. Ukiwapa wote wawili alama moja ya "hali ya moyo", watatokea katikati, sawasawa, na tofauti uliyokuwa ukiitafuta itakuwa imepotea.

Hatua ya 1: Amua unauliza kuhusu muda gani

Fanya hivi kabla ya kugusa kipimo chochote. "Sasa hivi" hufaa majaribio, kwa mfano kabla na baada ya kuonyesha picha. "Kwa kawaida" hupima tabia ya mtu, na haitasogea kwa sababu ya zoezi la dakika kumi. Kadiri muda unavyorefuka, ndivyo mshiriki anavyojibu kwa kumbukumbu, na kumbukumbu huelemea matukio makali na ya karibuni.

Andika muda huo bila utata. "Wiki iliyopita" wengine huihesabu kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Andika "siku saba zilizopita, pamoja na leo". Kisha urudie maelekezo hayo juu ya kila ukurasa, maana ukurasa wa pili ukifika watu huwa wameshayasahau.

Hatua ya 2: Chagua kipimo

Kinachotumika sana ni PANAS, kilichotolewa na Watson, Clark na Tellegen mwaka 1988. Kina maneno 20, kumi ya kila upande, na kila neno hujibiwa kwa 1 (kidogo sana au hapana kabisa) hadi 5 (sana mno). Kwa hiyo kila alama huwa kati ya 10 na 50. Lipo pia toleo fupi la maneno 10 lililotolewa na Thompson mwaka 2007.

Udhaifu wake unapaswa kuujua mapema: maneno yake chanya ni ya mwili na akili vilivyochangamka, kama hamasa, nguvu na umakini. Utulivu haumo. Huzuni nayo haimo upande wa hasi. Ukipima mazoezi ya kupumua polepole kwa PANAS, unaweza kuandika kwamba "hayana athari", kumbe yamewatuliza watu vizuri na kipimo hakikuuliza.

SPANE, cha Ed Diener na wenzake, kina maneno 12, sita kwa sita, na huuliza ni mara ngapi mtu alihisi hivyo katika wiki nne zilizopita. Kina maneno mapana kama furaha na huzuni. Kanuni zake zinaruhusu kutoa alama hasi kutoka alama chanya na kupata salio la kati ya -24 na 24. Hata hivyo, ripoti pia alama zote mbili, kwa kuwa salio la sifuri linaweza kutoka kwa mtu mwenye hisia nyingi za pande zote au mtu asiye nazo kabisa.

Hatua ya 3: Tafsiri, kisha jaribu

Watu wawili watafsiri kila mmoja peke yake, wa tatu alinganishe, na wa nne ambaye hajaona hojaji asilia arudishe tafsiri kwenye lugha ya awali. Baada ya hapo kaa na watu watano hadi wanane wanaofanana na washiriki wako. Waambie wajibu huku wakieleza kwa sauti wanachofikiria. Maneno mawili yakipewa maelezo yaleyale, rudi mezani.

Hatua ya 4: Panga hojaji

Weka kipimo cha hisia mwanzoni, kabla ya maswali ya magonjwa, madeni au ndoa. Ukiyatanguliza hayo, utapima hisia ulizozizua mwenyewe. Changanya maneno chanya na hasi. Kwenye simu, panga majibu matano kwenda chini. Yakipangwa kwa upana, la tano hujificha nje ya kioo. Ruhusu mtu kuruka swali.

Hatua ya 5: Hesabu alama

Usigeuze maneno hasi. Hili hutokea mara kwa mara: mtu amezoea vipimo ambavyo baadhi ya maswali hugeuzwa, anageuza 5 kuwa 1, na jedwali zima linasema kinyume. Jumlisha kumi chanya peke yake na kumi hasi peke yake.

Majibu yaliyoachwa ndiyo yanayoharibu kimyakimya. Tuseme mshiriki amejibu maneno tisa kati ya kumi, na jumla ni 27. Programu ya majedwali ikijumlisha, huichukulia seli tupu kama sifuri na kumpa 27. Tumia wastani: 27 ÷ 9 = 3, zidisha kwa 10, upate 30. Weka kanuni kabla ya kuona data, kwa mfano angalau majibu manane kwa kila upande, la sivyo alama hiyo haihesabiwi. Ikiwa umeweka namba 99 kama alama ya utambulisho ya majibu yaliyokosekana, angalia alama ya juu kabisa. Ikizidi 50, kuna 99 iliyojumlishwa.

Hatua ya 6: Kagua kabla ya kuchambua

Chora mgawanyo wa alama. Za hisia hasi hurundikana karibu na 10, hasa kwa watu wasio wagonjwa, na hilo si kosa la uingizaji data. Lakini ina maana kwamba zoezi la kupunguza hisia hasi halina pa kuzishushia kwa mtu aliyeanza na 11.

Kisha tazama uwiano (correlation) wa alama mbili, yaani kama moja ikipanda nyingine nayo hupanda au hushuka. Kwenye PANAS kwa kawaida huwa hasi na dhaifu. Ukikuta uwiano chanya wenye nguvu, tafuta waliochagua namba moja kuanzia juu hadi chini. Mtu mwenye 50 kwa 50 hakusoma. Alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha jinsi majibu ya maneno ya upande mmoja yanavyokubaliana, ikokotoe kwa kila upande peke yake, kamwe si kwa maneno yote 20 pamoja.

Ukiwauliza watu walewale mara kadhaa kwa siku, tenganisha wastani wa mtu na kupanda na kushuka kwake kuuzunguka wastani huo. Swali la "wenye wasiwasi hulala kidogo?" na la "mtu hulala kidogo siku anapokuwa na wasiwasi?" yanaweza kupata majibu tofauti ndani ya data ileile.