Injini Moja Inapozimika Baada ya Kuruka

Injini moja ya ndege ndogo ya rafadha mbili inapozimika punde baada ya kuruka, pua huvutwa kuelekea upande wa injini iliyokufa, na kazi ya kwanza ya rubani ni kuinyoosha kwa pedali, kuilaza ndege kidogo, isizidi nyuzi 5, upande wa injini iliyo hai, na kushusha pua kadiri inavyohitajika ili mwendo usikaribie mstari mwekundu wa kipima mwendo, kwa kuwa chini ya hapo usukani wa mkia hushindwa na ndege inaweza kupinduka. Mwendo wa kupandia ni ule wa mstari wa buluu.

Ongeza nguvu, kunja magurudumu na flapu (vibao vya nyuma ya mabawa), kisha tambua injini mbovu: iko upande wa mguu usiosukuma pedali. Hata hivyo, hakikisha kwa kupunguza polepole gesi ya injini hiyo; pasipobadilika kitu, geuza mapanga ya rafadha yake yakate upepo kwa ukingo. Pupa hapa huua: Taipei, mwaka 2015, marubani wa ndege ya abiria ya rafadha mbili, ATR 72, walizima injini iliyokuwa nzima.

Ikizimika kabla ya kuiacha ardhi, funga gesi zote mbili na usimame.